Bibi Huyo Hana Jina?

Jamani waandishi wenzangu, tumechoka! Kila hadithi ya pwani ina kibibi: makunyanzi, kanga iliyopauka, macho baharini. Hana jina, hana kazi, hana hata deni. Mzee mzima kageuzwa pambo!

Mnorwe Christian Krohg alifika Skagen, kwa wavuvi wa Denmark, mwaka 1879. Akamchora Ane Gaihede, mke wa mvuvi Niels, akikata mkate. Hakumremba. Jina lake tunalo mpaka leo.

Tena Krohg alikuwa mwandishi (ndiyo, kama sisi). Riwaya yake Albertine ilikamatwa na polisi mwaka 1886. Sasa wewe, kumuuliza tu bibi anayeuza samaki pale Feri anaitwa nani, unaogopa nini?