Bei ya chisense ifike kabla ya mtumbwi kuondoka

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya Zambia (ZICTA), Lusaka.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha tunayoitumia kuwauzia samaki wateja wanaovuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa na Pweto, upande wa Kongo. Wa kukutafsiria hakosekani.

Ombi langu: msitupime kwa minara ya simu peke yake. Mama wa kisiwani Chisenga anayeanika mchangani chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu, anaweza kuwa na simu, lakini asijue bei ya leo sokoni Kashikishi, sembuse ya Copperbelt. Mchuuzi anayempokea sokoni anazijua zote mbili. Kurudi na mzigo ni nauli nyingine, na mvua ikinyesha chisense inaoza. Basi mama huyo anauza kwa bei anayotajiwa, akishukuru.

Kule Kerala, India, haya yalishapimwa. Simu za mkononi zilipoingia pwani ya huko kati ya 1997 na 2001, wavuvi wa dagaa walianza kuulizia bei bandari hadi bandari wakiwa bado majini. Mchumi Robert Jensen alichapisha matokeo mwaka 2007: faida ya wavuvi ilipanda kwa takriban asilimia 8, mlaji akapunguziwa asilimia 4, na samaki wa kumwagwa wakaisha. Hawakuwa na simu janja wala programu. Walikuwa na sauti iliyowafikia majini, basi.

Kwa hiyo mtandao ufuate njia za mitumbwi, usiishie barabarani Nchelenge. Na kila alfajiri bei za Kashikishi zitumwe kwa ujumbe mfupi usomekao kwenye simu ya vitufe, kwa Kibemba na Kiswahili. Msituambie fedha hakuna: mwaka 2022 mfuko wa maendeleo wa kila jimbo la uchaguzi, CDF, ulipanda kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7, na ndani yake mna ruzuku na mikopo ya wanawake na vijana. Kaeni na halmashauri mzungumze. Mafunzo ya biashara kwa intaneti yaje baadaye. Semina mahali pasipo mtandao ni chai na maandazi tu.

Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na wengi wetu huwa nchi kavu. Mtume mafundi wenu kipindi hicho, wapande mtumbwi hadi Chisenga na simu zao mkononi, waandike ni wapi mtandao unakatika.

Wako,
Mchuuzi wa samaki, Nchelenge