Milango Yenye Vibao

Juma lililopita jirani yangu alinijia na barua mkononi. Binti yake ameitwa chuoni kusomea udaktari, na chini ya barua pameandikwa kwamba shule hiyo imepata ithibati. Akaniuliza, "Dadangu, ithibati hii ameitoa nani, naye ya ndani aliyajuaje?" Swali hilo ni la haki. Karo ya udaktari si fedha ya kuchezea, na miaka ya kijana ikipita hairudi.

Nilimjibu kwa kisa. Mwaka 1909 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hakuwa daktari, alikuwa akizunguka kuzikagua shule za udaktari za Marekani na Kanada kwa niaba ya Wakfu wa Carnegie. Shule zenyewe zilikuwa 155. Katika moja, jimboni Iowa, alikuta milango yenye vibao: anatomia, fiziolojia, patholojia. Yote ilikuwa imefungwa, na mwenye funguo, akaambiwa, hayupo. Flexner akaaga. Mkuu wa shule alipokwisha kwenda zake, mgeni akarudi kimyakimya, akamtilia bawabu dola 5 mkononi, na milango ikafunguliwa. Kila chumba kilikuwa na meza, ubao mdogo na viti, basi. Ripoti yake ya mwaka 1910 ilichangia kufungwa kwa shule nyingi, ingawa haikuwa na uadilifu kwa wote: katika shule 7 za watu weusi zilibaki 2 tu.

Siku hizi wakaguzi wa Marekani hawamtafuti bawabu. Kamati yao ya ithibati, iliyoundwa mwaka 1942, huiambia shule ijichunguze yenyewe kwanza. Kila baada ya miaka 8 walimu, wakuu na wanafunzi huketi pamoja kwa muda mrefu, wakajipima kwa viwango 12 na kujaza makaratasi yasiyokwisha. Nyumba hii isitishwe na neno viwango, maana mengi yaliyomo ni mambo ambayo mzazi yeyote angeyauliza. Je, matokeo ya somo hutoka ndani ya wiki 6 baada ya somo kwisha? Je, anayekesha zamu hospitalini ana chumba cha kujinyoosha? Mwanafunzi akidhalilishwa na daktari mkubwa, apeleke wapi shauri lake, na ni nani atakayemkinga asilipiziwe kisasi?

Hapo ndipo penye shaka. Nani atajiandikia ubaya wake kwa mkono wake mwenyewe? Sote hufagia ua mgeni akitarajiwa. Kwa sababu hiyo wanafunzi hufanya uchunguzi wao peke yao: hutunga maswali, huwauliza wenzao, huyachambua majibu, kisha huandika ripoti ambayo wakuu hawana ruhusa ya kuigusa. Ripoti hiyo hufika kwa wakaguzi pamoja na ile ya shule. Wakuu wakiandika kwamba kila mwanafunzi huelezwa maendeleo yake katikati ya somo, na wanafunzi wengi wakasema hawajaelezwa kitu, wakaguzi wanapofika kwa siku zao chache wanajua pa kuanzia. Shule yaweza kuonywa, au kuwekwa katika majaribio na watu wakajulishwa. Kwangu mimi, kurasa chache za wanafunzi hao zina uzito kuliko majalada yote ya wakuu.

Hapa kwetu kazi ya ukaguzi ni ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Mzazi huonyeshwa cheti, ila sijapata kumsikia aliyeonyeshwa walichosema wanafunzi. Basi nilimwambia jirani yangu autazame mwaka wa hicho cheti na aliyekitoa, aulize wanafunzi hupelekwa hospitali gani na huwa wangapi katika kitanda kimoja cha mgonjwa, kisha amtafute msichana anayesoma palepale.

Amekwisha mpata. Ni mtoto wa binamu ya mumewe, yuko mwaka wa nne, na watazungumza Jumamosi. Amenitaka nimwandikie maswali, na la kwanza nimeandika hili: ni lini mliikuta maabara i wazi siku ambayo hapakuwa na mgeni?