Kinjeketile na Mizani ya Wahakiki

Wapo wahakiki ambao kila wanapoishika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), huishika pamoja na kitabu cha historia, wakapima tukio kwa tukio mithili ya karani wa ghala ahesabuye magunia. Upungufu ukionekana, msanii huhukumiwa kuwa amepotosha. Hussein mwenyewe alikwisha kutahadharisha katika utangulizi kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu. Tahadhari hiyo nayo imegeuzwa kichaka na kundi la pili, lile lidaialo kuwa sanaa ni sanaa, historia isiulizwe. Makundi yote mawili yamekosea, na la pili limekosea zaidi.

Itazamwe tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Wapiganaji walioliendea boma la Mahenge mwishoni mwa mwezi huo, wakafyekwa kwa bunduki za rashasha, walikwenda yeye akiwa keshakufa. Katika tamthilia anaachwa hai hadi kushindwa kudhihirike, kisha, akiwa kifungoni, anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwani akikiri, vizazi vijavyo vitafundishwa kuwa wazee wao walikosea kupigana. Hussein ameyapanga hivyo kwa sababu swali lenyewe lilikuwa la miaka yake, mara baada ya Azimio la Arusha la 1967: taifa changa lirithi nini katika vita walivyoshindwa wazee wake? Asiyejua tarehe ya kunyongwa hawezi kuuona uamuzi huo. Hudhani anasimuliwa, kumbe anajadiliwa.

Wala Hussein hakubadili kila kitu. Njaa na kazi ya shuruti katika shamba la Bwana Kinoo amezibakiza. Angeziondoa, vita vingebaki kuwa wazimu wa mganga, tafsiri waliyoipenda watawala wa Kijerumani.

Suala hili haliishii Tanzania. Mtunzi wa Ukambani atakayemweka jukwaani Muindi Mbingu, kiongozi wa upinzani wa 1938 dhidi ya kunyang'anywa mifugo, atakutana nalo. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu. Mtunzi akitaka kumbakiza miongoni mwa watu wake, ruhusa anayo. Lakini watazamaji wa Nunguni nao watakuwa na haki ya kumwuliza amembakiza kwa ajili ya nani.