Kuchora Katuni Nako ni Kazi

Nakiri kuwa niliwahi kumkemea mwanangu kwa kuchora katuni katika daftari la hesabu. Nilikosea. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kutazama Tinga Tinga Tales, ngano za wanyama wa Afrika zilizotiwa uhai mumu humu Nairobi na vijana wetu, kwa mtindo wa mchoraji Mtanzania, Edward Saidi Tingatinga. Hiyo ilikuwa kazi ya mshahara, wala si mchezo. Sasa mtaala wetu umetenga mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Lakini mkondo usio na walimu wala kompyuta ni jina tu. Serikali na iwaajiri walimu, inunue vifaa, hata kwa shule za mashambani. Udongo uwahi ungali maji.