Msimu mmoja wa mshahara, na jengo moja Isinya

JICHO LA KAPUTIEI
Na Naisula Mwangangi

Kabla ya kushika brashi, Shine Tani aliishi kwa nguvu za viungo vyake. Alikuwa mwanasarakasi wa mitaani, wa kupinduka hewani mbele ya wapita njia na kutegemea walichojaliwa kumtupia. Kazi ya namna hiyo, sawa na ndondi au mbio za mita 800, haimtunzi mtu hadi uzeeni. Goti likichoka, mlo unakatika. Mwaka 1992 Tani, ambaye hakuwa amesomea uchoraji katika chuo chochote, alianzisha studio ya Banana Hill huko Kiambu, akawakusanya vijana waliojifunza kuchora wenyewe kama yeye. Mkewe, Rahab Shine, naye ni mchoraji. Zaidi ya miaka 30 imepita, na Banana Hill bado ni jina linalotajwa popote wapenzi wa sanaa ya Kenya wanapokutana.

Kaunti ya Kajiado haina studio kama hiyo iliyofunguliwa na mwanamichezo mstaafu. Inapaswa kuwa nayo, na mahali pake ni Isinya.

Wanamichezo wetu hawajakaa bure baada ya kuvua viatu vya mbio. Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki mwaka 1968 na tena 1972, alijenga shule na makao ya watoto Eldoret. Kule Tanzania, Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, ana shule zinazobeba jina lake. Hapa hapa Kajiado, Tegla Loroupe aliweka kambi ya mazoezi Ngong, na kutoka kambi hiyo wakimbiaji watano wa Sudan Kusini, waliokuwa wakiishi kambini Kakuma, walikwenda Rio mwaka 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki. Hayo ni matendo makubwa. Wengine, ambao ndio wengi, hununua ploti ya hamsini kwa mia, wakajenga vyumba vya kupangisha na kungoja kodi mwisho wa mwezi. Hakuna wa kuwalaumu. Ploti inaeleweka, benki inaielewa, na hata mzee wa nyumbani anaielewa. Sanaa ndiyo ambayo hakuna aliyewahi kumweleza mkimbiaji kwamba ni kazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Marekani. Ernie Barnes alizaliwa Durham, North Carolina, mwaka 1938, mtoto mnene na mwoga aliyejificha na daftari lake la kuchorea ili asionewe na wenzake shuleni. Alikua, akajenga mwili, akawa mchezaji wa kulipwa wa kandanda ya Kimarekani katika timu za San Diego na Denver. Hakuacha kuchora. Mikutanoni, kocha akieleza mbinu, yeye alikuwa akichora wachezaji wenzake pembeni mwa karatasi, na akatozwa faini kwa hilo. Jeraha lilipomtoa uwanjani katikati ya miaka ya 1960, alimwendea Sonny Werblin, mmiliki wa New York Jets. Werblin alitazama michoro, kisha akafanya jambo ambalo wenye timu hawalifanyi: akamlipa Barnes mshahara wa msimu mzima, kama mchezaji, ili achore tu. Mwaka 1966 michoro hiyo ilionyeshwa New York. Baadaye Barnes akateuliwa kuwa mchoraji rasmi wa Olimpiki ya Los Angeles ya 1984.

Ukitazama watu wa Barnes utajua kwamba aliyewachora aliwahi kukimbia. Shingo zimerefuka, mikono imenyooka kupita kawaida, mgongo umejipinda kama wa mtu aliyebakiza hatua mbili afike utepeni, na macho yamefumbwa. Mchoraji aliyekaa kitini maisha yake yote angeweza kuiona misuli hiyo, ila asingejua inauma wapi. Barnes alifariki mwaka 2009. Mei 2022 mchoro wake wa ukumbi wa dansi, unaoitwa The Sugar Shack, uliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 15, ilhali waendesha mnada walikuwa wameukadiria kuwa hautazidi dola laki mbili.

Kwa hesabu ya safu hii, fedha iliyozaa mengi zaidi katika kisa hicho ni ule mshahara wa msimu mmoja. Bila huo Barnes angetafuta kibarua, na jioni angerudi nyumbani amechoka mno kushika brashi. Mwanariadha wa Kenya anapostaafu hapewi daraja lolote kati ya maisha mawili. Jumamosi anashindana, Jumatatu hana kocha, hana wakala, hana ratiba. Miezi hiyo kumi na miwili ya mwanzo ndiyo inayowameza watu. Tumewaona waliopotelea kwenye chupa, na tumewaona waliouza shamba kipande kwa kipande, na kila mara taifa hulia msibani.

Sasa, kwa nini Isinya?

Kwa miaka mingi Isinya ilikuwa mahali pa dereva wa lori kusimama, anywe chai na kula nyama, aendelee na safari ya Namanga. Barabara hiyo ilipojengwa upya hadi Arusha, na ile ya kutoka Kiserian, ambayo wenyeji huiita Pipeline, ilipotiwa lami na kuungana nayo hapo, mji ukaanza kunyanyuka. Nyaya kubwa za umeme kutoka Mombasa na kutoka Suswa zinakutana katika kituo cha Isinya, na laini nyingine inateremka hadi Singida, Tanzania. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 210,473 katika kaunti ndogo ya Isinya, na 154,436 kati yao walikuwa wa mji wa Kitengela. Ardhi ya Wamaasai wa Kaputiei iliyokuwa ranchi ya pamoja iligawanywa katika miaka ya 1980, na tangu hapo vigingi vya ploti havijaacha kusogea kusini. Zimejengwa nyumba, stesheni za mafuta, makanisa, shule za kibinafsi na maduka ya vifaa vya ujenzi. Mahali ambapo kijana anaweza kuingia bila kununua kitu, akaona kazi ya mikono ikifanywa na watu wazima kwa umakini, hapajajengwa.

Na hii ni ardhi ya watu wenye mikono. Kaskazini-magharibi ya Isinya, ukingoni mwa mbuga ya Nairobi, Nani Croze alianzisha mwaka 1979 karakana ya vioo ambayo sasa dunia inaijua kwa jina la Kitengela. Mwanawe, Anselm, akaongeza tanuri la kupuliza kioo. Atakayefika huko kutoka upande wa Rongai atavuka daraja la kamba lililoning'inia juu ya bonde la Mbagathi, linaloyumba kwa kila hatua, kabla ya kuingia katika ua uliojaa sanamu na kuta za vipande vya rangi. Ndani ya karakana chupa kuukuu na vioo vya dirisha vilivyovunjika vinayeyushwa, na tanuri lenyewe huchomwa kwa oili iliyokwisha kutumika kwenye injini. Fundi anachovya mrija mrefu wa chuma, anautoa na donge linalong'aa rangi ya chungwa, anauzungusha bila kusita, kwa maana akisita donge litaanguka upande mmoja. Anapuliza pumzi fupi, anazungusha, anapuliza tena. Miguu imetanuka, kiwiliwili kimetulia, pumzi inahesabiwa. Kocha yeyote wa riadha angemtambua mtu huyo kuwa ni wa kabila lake.

Jambo moja kuhusu kioo halisemwi vya kutosha hapa kwetu. Ili mchanga uyeyuke uwe kioo bila kuhitaji moto mkali kupita kiasi, huchanganywa na magadi. Magadi hayo yanachimbwa katika ziwa la Magadi, ndani ya kaunti hii hii, tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na sehemu kubwa husafirishwa ng'ambo, ambako viwanda vya vioo ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Kajiado inatoa kiungo, halafu inanunua bilauri.

Halafu kuna shanga. Pembeni mwa barabara ya Namanga kina mama hukaa chini, miguu imenyooka mbele, kipande cha ngozi juu ya paja. Uzi wengi huuchomoa kutoka kwenye gunia la nailoni, wakausokota kwa kiganja juu ya goti hadi ukaze. Shanga zenyewe hutoka ng'ambo, nyingi za zamani zikiwa za Bohemia katika Jamhuri ya Cheki ya leo. Mpangilio wa rangi, nyeupe ikae wapi na nyekundu ikatwe na nini, uko kichwani mwa mama, hajawahi kuuandika. Watalii wanaoelekea Amboseli hupita hapo kwa gari la kasi, na wanaonunua mara nyingi ni madalali wanaouza kazi hiyo hiyo Nairobi kwa bei ya juu zaidi.

Studio ya Isinya isingehitaji, basi, kuanza na ardhi tupu. Ingehitaji paa, mwangaza mzuri, meza ndefu, na mtu mwenye jina la kuwafanya madereva wa magari ya watalii wasimame. Jina ndilo alilo nalo mwanariadha. Mtalii kutoka Uholanzi ambaye hamjui mchoraji hata mmoja wa Kenya anamjua bingwa wa mbio. Atasimama amsalimie, atapiga picha naye, na akiwa hapo ataona ukuta wa michoro ya vijana na mikufu ya kina mama yenye bei halali.

Wapo watakaosema mkimbiaji hana habari na sanaa. Wakumbushwe kwamba Olimpiki yenyewe ilitoa medali za sanaa kuanzia 1912 hadi 1948. Alfréd Hajós wa Hungaria alishinda kuogelea Athens mwaka 1896, na mwaka 1924 akapata medali ya fedha ya usanifu wa majengo. Walter Winans wa Marekani ana dhahabu ya kulenga shabaha na dhahabu ya uchongaji. Hata hivyo mstaafu si lazima achore mwenyewe. Anaweza kuwa mwenye nyumba, mlezi, mtu anayefungua mlango saa mbili asubuhi kila siku, ambaye nidhamu yake ya kuamka kabla ya jua inawafundisha wengine kwamba sanaa ni kazi ya kila siku.

Wanafunzi wa kwanza tunao. Desemba 2012, Kimana, upande wa Loitokitok, ilifanyika kwa mara ya kwanza michezo ya Olimpiki ya Wamaasai, iliyobuniwa ili morani waonyeshe ushujaa kwa mbio, kurusha rungu na kuruka juu, waache kuua simba. David Rudisha, ambaye Agosti mwaka huo alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 800, 1:40.91, jijini London, aliipa michezo hiyo jina lake na uzito wake. Lakini vijana hao huruka siku moja, kisha hurudi nyumbani. Ukame wa 2022 ulimaliza mifugo katika boma nyingi, na kijana asiye na ng'ombe wa kuchunga anaishia kwenye bodaboda au ulinzi wa usiku Kitengela. Wengi wao wanajua kuchonga rungu lililosawazika hadi likatua mkononi bila kuyumba. Huo ni ufundi wa kulipwa.

Nairobi imeshaonyesha kwamba majengo ya zamani hupata uhai kwa njia hii. GoDown ilifunguliwa mwaka 2003 katika ghala la Barabara ya Dunga, Industrial Area, ambako mtu hakutarajia kukuta wacheza dansi na wachongaji. Sinema ya Shan kule Ngara, iliyokuwa imepitwa na wakati, iligeuzwa kuwa Sarakasi Dome, na wanasarakasi wanafanya mazoezi mahali watu walipokuwa wakitazama filamu za Kihindi. Isinya bado ina ardhi ambayo haijawa ghali kama ya Kitengela. Baada ya miaka kumi haitakuwa hivyo.

Fedha nazo zipo mahali zinapojulikana. Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii iliundwa mwaka 2018, na mapato yake hutokana kwa sehemu kubwa na kodi ya kamari. Michezo na sanaa vimewekwa katika mfuko mmoja, ila hadi leo vinatengewa fedha kama majirani wasiosalimiana. Ombi la safu hii ni dogo. Hazina hiyo ilipe msimu mmoja wa mshahara kwa mwanamichezo mstaafu atakayekubali kuendesha studio nje ya Nairobi. Chama cha Riadha kitoe majina ya wanaofaa, wakiwemo wale ambao hawakuvunja rekodi yoyote. Serikali ya Kajiado itoe jengo moja Isinya, lenye hati miliki ya umma, ili pasije siku mwekezaji akawatimua waliolipamba.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla hayajapitishwa. Vikao hivyo huhudhuriwa na watu wachache, na wanaosema huomba barabara na maji, nao wana haki. Msomaji wa Isinya, Kitengela au Kajiado mjini, nenda kwenye kikao cha wadi yako mwaka huu, omba barabara, omba maji, kisha kabla hujaketi taja na jengo hilo, uhakikishe karani ameliandika.