Liyongo na Shujaa wa Kiganjani

Wapo wapenzi wa fasihi wanaoibeza michezo ya video kuwa ni upotezaji wa wakati. Mtazamo huo unastahili kuhojiwa. Kayole au Dandora, mtoto aishikaye simu ya mzazi wake humwongoza shujaa akimbiaye kutoka kushoto hadi kulia, akimwangusha adui mmoja baada ya mwingine. Mchezo wa Spider-Man uliotolewa mwaka 1990 kwa mashine ya Game Boy ulimtuma shujaa kumtafuta Mary Jane aliyetekwa nyara. Kati ya hatua moja na nyingine, alijibizana na maadui kwa redio ya mkononi. Hayo ni majigambo matupu, kama yafundishwavyo katika fasihi simulizi.

Basi Fumo Liyongo amekosa nini? Anazo nguvu, ana udhaifu kitovuni, ana mwana msaliti. Tena ana hila: akiwa kifungoni alimpelekea mamake ujumbe kwa wimbo, akaletewa tupa ndani ya mkate, akakata pingu huku waimbaji nje wakiufunika mlio wake. Hatua gani ya mchezo ingeishinda hiyo? Hata hivyo, kijana wa Eastlands hukutana naye katika maswali ya mtihani kuhusu mighani, basi.

Waundaji wapo. Leti Arts, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Eyram Tawia wa Ghana na Wesley Kirinya wa Kenya, imekwisha kuwaingiza mashujaa wa Kiafrika michezoni. Mtunzi wa maneno ya Kiswahili je? Huyo yumo idarani, anaandika tasnifu nyingine juu ya utendi uleule.