Ndege za Umeme: Ahadi ni Deni

Kwa miaka kadhaa sasa makampuni ya Ulaya na Marekani yamekuwa yakiwaahidi watu kwamba ndege za abiria zitaruka kwa nguvu ya umeme pasipo kutoa moshi. Nia hiyo ni njema, nasi hatuibezi. Lakini ahadi ni deni, na mwenye kuahidi hana budi kuulizwa: umeme huo utatoka wapi?

Mota si tatizo. Tatizo ni uzito. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nguvu zaidi ya mara 40 kuliko kilo moja ya betri. Ndiyo sababu Velis Electro, ndege ya kwanza ya umeme kupewa cheti na wakuu wa usalama wa anga wa Ulaya mwaka 2020, huchukua watu 2 tu, wala haimalizi saa nzima angani. Jua nalo limejaribiwa. Solar Impulse 2 iliizunguka dunia mwaka 2015 na 2016, lakini kwa mabawa yake ya mita 72 ilimbeba rubani mmoja tu.

Kwa hiyo wataalamu wameigeukia haidrojeni. Mtambo huiunganisha na oksijeni ya hewani, ukazaa umeme na kutoa maji matupu. Januari 2023 ZeroAvia ilirusha Uingereza ndege ya viti 19 kwa dakika 10, upande mmoja mota ya umeme, upande wa pili injini ya kawaida. Machi mwaka huo huo Universal Hydrogen ilirusha Marekani ndege kubwa zaidi. Mwaka 2024 kampuni hiyo ikafungwa kwa kukosa fedha, na wafanyakazi wake wakapoteza kazi. Airbus nayo, iliyoahidi ndege ya haidrojeni ifikapo mwaka 2035, ilitangaza mwaka 2025 kwamba itachelewa.

Sababu zipo. Haidrojeni ni nyepesi, lakini hutaka nafasi kubwa. Ili iwe kimiminiko yapasa ipozwe hadi digrii 253 chini ya sifuri. Tena sehemu kubwa ya haidrojeni duniani hutokana na gesi ya ardhini na makaa ya mawe. Moshi ukiondolewa angani ukahamia kiwandani, faida i wapi?

Hatusemi kazi hii iachwe. Twasema serikali zinazotoa fedha za umma kwa majaribio haya zidai mambo mawili: haidrojeni itengenezwe kwa umeme wa maji, jua au upepo, na kampuni ikianguka, hasara isiwaangukie wafanyakazi peke yao. Mafundi waliozirusha ndege hizo wametimiza wajibu wao. Waliobaki na deni ni walioahidi.